Kurasa Alizoziruka

Fundi cherehani alikuwa amekula kiapo kimoyomoyo: siku mama mkwe wake atakapojua kwamba Bibi Faragha wa vitabuni ndiye yeye, ataacha kuandika. Wala hakuwa anatania. Riwaya zake za mapenzi zilisomwa mtaa mzima, zikaazimwa mpaka majalada yakachakaa, na aliyeijua siri alikuwa mmoja tu, mumewe, mtu asiye na mdomo. Wa kuogopwa alikuwa mama. Mama alifundisha shule maisha yake yote, akasahihisha insha za watoto wa watu bila huruma, na mkamwana alimstahi kiasi kwamba hata nguo ya ndani hakuweza kuitaja mbele yake, ingawa kuzishona alizishona.

Basi mama akapasuliwa mtoto wa jicho, akaletwa kwao auguzwe. Jicho moja lilikuwa chini ya bandeji, la pili linaona ukungu mtupu, na kukaa bure hakukuweza. Alasiri moja, fundi akiwa anapiga pasi marinda ya sketi ya mteja, mama akachomoa kitabu chini ya mto. Jirani alikuwa amemwazima, tena kwa sifa nyingi. Akaomba asomewe.

Fundi akalitupia jicho jalada. Kilikuwa kitabu chake mwenyewe.

Afanyeje, masikini? Kukataa kungezua maswali. Akazima pasi, akaketi, akaanza. Sura za mwanzo zilikwenda vizuri. Muuguzi na mpiga picha walipendana, kisha wakakosana, kwa sababu bwana, yule mpiga picha, alikubali kazi ya mbali na kupanga safari ya wote wawili bila kumshirikisha mwenzake. Mama alikuwa anaguna kila panapostahili. Muuguzi akafunga safari kwenda kumrudishia ufunguo wa nyumba yake. Mlango ukafungwa nyuma yao, na hapo fundi akajikaza kisabuni, akafunua kurasa kadhaa kwa mpigo, akaendelea na asubuhi ya pili: muuguzi anachemsha chai huku anaimba.

Mama akainua kidole, kama yuko darasani.

"Jana alikwenda kurudisha ufunguo. Leo anaimba jikoni kwa mtu. Katikati hapo pametokea nini?"

Fundi akasema waliongea. Mama akataka kujua waliongea nini. Bwana aliomba msamaha, fundi akajibu, masikio yakimwaka moto. Mama akatikisa kichwa. Mwanamke mwenye hasira ile, alisema, hapozwi na samahani ya mstari mmoja. Huyu Bibi Faragha kipaji anacho, ila mvivu. Amefika penye kazi, akaikimbia.

Hapo ndipo palipomuuma. Angeitwa mhuni, angevumilia. Lakini mvivu? Zile kurasa alizihangaikia kuliko zote, akazifuta na kuzianza upya, maana hakutaka miili ikutane kwa sababu tu msomaji amechoka kusubiri. Alitaka ugomvi uingie nao chumbani na umalizikie humo.

"Si mvivu, mama," akasema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyokusudia. "Pale ndipo alipofanya kazi yote."

Mama akamgeuzia uso.

"Basi nisomee hapo alipofanya kazi."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akarudisha kurasa nyuma, akasoma kwa sauti ndogo. Muuguzi amesimama na ufunguo mkononi. Bwana hamgusi. Anamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, anataka nini, kisha anangoja, na anangoja kweli, hana jibu alilokwisha kumwandalia. Muuguzi anasema hataki kuhama. Halafu anasema na anachokitaka sasa hivi. Anauchukua mkono wa bwana, anauweka shingoni mwake, anaushusha polepole, anamwambia hapa, bado, hapa. Kila kifungo kinaombewa ruhusa. Fundi akasoma yote, pumzi na jasho na kicheko cha watu waliokuwa hawasemezani tangu juzi, na hakuruka neno.

Alipoinua macho, mama alikuwa analia kwa jicho lisilofungwa.

"Baba yenu alikuwa mtu mwema," mama akasema. "Hakunipiga, hakuninyima kitu. Lakini swali hilo la nataka nini hakuniuliza hata siku moja. Na mimi nikadhani ndivyo ilivyo, haliulizwi."

Fundi alimhurumia, akamshika mkono.

"Mwanangu anakuuliza?"

"Ananiuliza, mama."

Mama akashusha pumzi ndefu, akafurahi, ilionekana, ingawa machozi yaliendelea. Hakuuliza mwandishi ni nani; ile sauti kali ilikwisha kumwambia. Akajifuta shavu kwa ncha ya shuka.

"Ukiandika kingine," akasema, "weka mwanamke wa umri wangu. Na yeye aulizwe."