Njia ya Uani kwa Mama Mkwe

Njia zote za Kwale nilikuwa nimezipita kwa miguu, na zote nimeziandika, isipokuwa moja. Kutoka Waa hadi Msambweni, kutoka Matuga kupanda Shimba na kushuka upande wa pili mpaka Mackinnon Road: mto gani hauvukiki masika, kisima gani kina maji ya chumvi, mbwa wa nani ni mkali. Madaftari yamejaa sanduku zima. Mke wangu Chiku, kila nikirudi na vumbi mpaka magotini, hunicheka: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Haya Chome, kaoge ule."

Ile moja iliyobaki iliniuma. Ni njia fupi, nyuma ya Kinango, inakatiza uani kwa mama yake Chiku kisha inateremka bondeni. Kwetu sisi Waduruma, mtu hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Ukimwona njiani unaingia kichakani mpaka apite, seuze kumkatizia uani! Basi tangu nioe, nikifika pale nilizunguka kwa nyuma, katika miiba, nikiilaani miiba na wazee walioweka mila. Katika daftari niliuacha ukurasa mtupu, wenye jina la njia tu.

Mwaka uliofuata uhuru tukasikia kwamba bonde lile litazungushiwa seng'enge, liwe ranchi. Nguzo zilikuwa zimekwisha kuletwa. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda.

"Nitaipita kabla hawajaifunga," nilimwambia Chiku. "Sifi na ukurasa mtupu."

"Na mamangu je?"

"Siku ya mnada huenda kuuza mbuzi. Nitapita hayupo."

"Na goti hilo?"

Goti langu la kulia lilikuwa limevimba tangu mfungo. "Litakwenda nitakakokwenda mimi," nikasema.

Siku ya mnada nikaenda, nikichechemea na fimbo yangu. Nilifika jua limepanda. Nikachungulia uani: kimya. Nikatia mguu. Papo hapo mama mkwe akatoka jikoni na ungo mkononi.

Alijitupia leso usoni, akageukia ukuta. Mimi nikajirusha kichakani, goti likakataa, nikaanguka katika miiba ile ile ninayoijua. Niliona haya, laiti ardhi ingenimeza.

Kisha nikamsikia akisema na mbuzi aliyefungwa mlangoni, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo.

"Wewe mbuzi, mwambie mtu huyo atoke kwenye miiba. Mwambie mnadani sikwenda kusudi. Chiku amenipasha habari."

Nami nikamjibu mbuzi. "Mwambie mama aniwie radhi. Sikukusudia kumvunjia heshima."

"Mwambie heshima yake naijua tangu alipomwoa mwanangu. Kila nikimsikia akipita kule nyuma akilalama, nilichukua jembe nikaipalilia njia hii. Nilisema, ipo siku atapita. Sasa nimegeukia ukuta, simwoni. Apite!"

Nikainuka nikatazama. Njia ilikuwa nyeupe, haina jani, kutoka uani mpaka inapotelea bondeni. Kisima cha huko chini kilikauka zamani, na hapakuwa na mtu wa mji ule aliyekuwa na haja ya kuteremka tena. Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta.

Nikapita nyuma ya mgongo wake, taratibu, mpaka chini. Nguzo zilikuwa zimelazwa, seng'enge bado. Nikaketi juu ya nguzo moja, nikaufungua ukurasa wangu, nikaandika: *Njia safi. Hupaliliwa na mama.*

Kisha nikarudi kwa njia ile ile, nikikohoa tangu mbali ili mama apate kujifunika.