Mama Mwenyekiti Ashika Mti

Kura zilihesabiwa mara tatu, na mara zote tatu zikatoka vilevile: nne kwa Mwalimu Doris, nne kwa Mwalimu Lukasi. Wajumbe wanane wa kamati ya Shule ya Baleti ya Mbulu na Hanang wakageuza shingo kwa pamoja, kama kuku walioona kivuli cha mwewe, wakamtazama mwenyekiti wao. Mama Perpetua akavuta khanga begani na kukohoa kidogo, ingawa hakuwa na kikohozi. Kura ya uamuzi ilikuwa yake.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Mwalimu Natalia, aliyeianzisha shule hiyo ya dansi ya Kizungu miaka kumi na minne iliyopita katika ghala la viazi pale Nambis, alikuwa anastaafu, na sharti apatikane mkuu mpya. Watoto hamsini wa milimani walijifunzia katika ghala hilo hilo. Arobaini wa tambarare walijifunzia katika ghala la mahindi huko Balangdalalu. Sakafu ya kila ghala ilikuwa ya mbao zilizolazwa juu ya matairi chakavu, ili magoti ya watoto yasiumie, na ukutani palipigiliwa mlingoti wa mkaratusi uliolazwa usawa wa kiuno, ambao wanafunzi waliushika wanapojifunza kusimama. Kila mtu aliuita mti.

Mwalimu Doris, binti wa wakulima wa Nambis, alifundisha miguu: namna ya kusimama, kukunja goti na kutua. Mwalimu Lukasi, mwana wa wafugaji wa Dirma kule tambarare, alifundisha kuruka, na yeye mwenyewe alipopanda juu ungedhani ardhi imemchoka na kumtupa. Wajumbe wa milimani walimpigia Doris. Wajumbe wa tambarare walimpigia Lukasi. Hakuna aliyejiuliza ni nani kati yao anayefaa kuongoza. Kila mmoja alimchagua jirani yake.

Mzee Gidamis wa Dirma alisimama, akaegemea fimbo yake.

"Mama Mwenyekiti, wewe ni mtu wa Nambis, na maji hufuata mteremko. Kwa hiyo nakuambia mapema na kwa heshima: ukimchagua jirani yako, watoto wetu arobaini wanabaki nyumbani. Tutaanzisha shule yetu."

"Anzisheni!" akadakia Hhando, mjumbe wa Mbulu. "Mtaruka wee, lakini siku ya kutua mtatuita."

"Na ninyi mtasimama wima mpaka muote mizizi!" akajibu Mzee Gidamis.

Mwalimu Natalia alinyanyua mkono wake mwembamba, kelele zikapungua. "Wazazi wangu," alisema, "mkigawana hamtapata shule mbili. Mtapata nusu mbili."

Mama Perpetua aliyasikia maneno hayo yakimwingia kifuani. Wajukuu wake wawili walikuwa wamecheza juu ya mbao zile. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, aliwahi kuviringisha matairi kutoka barabarani mpaka ghalani. Je, shule ije kupasuliwa kama kuni, na shoka liwe mkononi mwake?

"Nipeni mpaka Jumamosi ijayo," alisema. "Wiki hii nitasoma kwanza."

"Utasoma nini, Mama?" aliuliza Hhando.

"Baleti."

Ghala zima la Nambis, walimokutana, lilicheka. Hata Mzee Gidamis alilazimika kujifuta macho kwa ncha ya shuka lake.

Mama Perpetua hakuwa akitania. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na goti lake la kushoto lilimsumbua tangu alipoteleza na mzigo wa kuni. Lakini kuna jambo moja alilolijua kuliko wajumbe wote, nalo ni kufundishwa ukubwani. Alianza darasa la watu wazima akiwa na miaka arobaini na sita. Mwalimu wake, Oliva, alikuwa na umri wa binti yake wa mwisho. Siku ya kwanza Oliva aliwaamkia kina mama wote mlangoni, shikamoo moja moja, akangoja kila marahaba. Kisha akaingia ndani, akamwendea Perpetua aliyeikamata penseli kama mpini wa jembe, akamfungua vidole kimoja baada ya kingine. "Si hivyo, mama. Hivi." Perpetua alikasirika wiki nzima. Wiki ya pili aliandika jina lake. Tangu hapo aliamini kwamba mwalimu humjui kwa kumwona akipita njiani. Unamjua ukiketi mbele yake.

Jumatatu, pale pale ghalani Nambis, alianza na Mwalimu Lukasi. Alivaa suruali ya michezo ya mkwe wake, akafunga kitenge juu yake, na miguuni akavaa viatu laini vya ngozi ya mbuzi vilivyoshonwa na fundi Wolfgang, ambaye alimuuliza mara mbili kama kweli hakukosea kutaja namba.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Leo mimi si mwenyekiti. Ni mwanafunzi."

"Sawa, Mama Mwenyekiti."

Lukasi alimwonyesha hatua ya kwanza kabisa ya baleti: unashika mti, unakunja magoti taratibu, visigino havibanduki, mgongo unasimama wima kama nguzo ya nyumba. Mama Perpetua alishika mti, akakunja. Alihisi kitu kimekwenda mrama huko nyuma, lakini hakujua ni nini.

"Safi kabisa, Mama!" Lukasi akapiga makofi.

"Kweli?"

"Kama umezaliwa ukiifanya!"

Mama Perpetua alirudi nyumbani akiimba. Jumanne alirudia, akasifiwa zaidi. Ilipofika Jumatano jioni goti lilikuwa limevimba, na njia ya kwenda zizini aliishuka kwa upande upande, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Mwalimu Doris. Asubuhi hiyo baridi ya Nambis ilikuwa kali, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba kama mgeni asiyeaga. Doris alimwamkia, akapokea marahaba yake, akaficha mikono ndani ya sweta.

"Kunja magoti, Mama."

Mama Perpetua akakunja kwa majivuno ya mtu aliyekwisha sifiwa siku tatu.

 Doris alifungua kinywa, akakifunga. Nje kondoo alilia mara mbili.

"Vipi, mwalimu?"

"Mama... wewe ni rika la mama yangu."

"Nalijua hilo. Nimeuliza magoti."

Doris akavuta pumzi. "Basi, hapana, Mama. Si hivyo. Visigino vimeinuka, na makalio yamekwenda nyuma. Hapo unapalilia maharage. Rudia."

Akarudia.

"Hapana. Rudia, Mama."

Akarudia tena, na tena. Hapana zilifuatana kama matone ya mvua kwenye bati. Mara ya saba Doris aliweka kiganja mgongoni mwake. "Mgongo uko wapi, Mama?"

"Uko hapo hapo tangu nizaliwe!"

"Basi na usimame."

Mara ya tisa Doris alisema, "Ndiyo," akatabasamu. Mama Perpetua hakutabasamu. Alichukua kitenge chake akaondoka bila kuaga.

Mume wake, Yonas, alikuwa uani akipukuchua mahindi.

"Mtoto yule hana adabu," Mama Perpetua alimwambia.

"Hakukuamkia?"

"Aliniamkia vizuri."

"Alikutukana?"

"Hakunitukana. Aliniambia hapana mara nane!"

"Na mara ya tisa?"

Mama Perpetua akachukua hindi moja, akaanza kupukuchua naye. "Mara ya tisa alisema ndiyo."

"Aa," alisema Yonas, akaokota hindi jingine.

Kesho yake asubuhi Mama Perpetua alichukua ndoo, akateremka mteremko wa kwenda zizini. Alifika chini, akainama kwa ng'ombe, ndipo akagutuka. Alikuwa ameshuka bila kwenda upande upande. Alikuwa amekunja magoti, mgongo wima, na goti la kushoto halikulalamika. Alisimama na ndoo yake akimtazama ng'ombe, naye ng'ombe akimtazama.

"Uwii," alisema Mama Perpetua. "Yule mtoto ni mwalimu."

Furaha hiyo haikudumu hata ndoo ikajaa. Alikwisha mjua mwenye kufaa, lakini mwenye kufaa alikuwa jirani yake. Akimtaja, nani wa Dirma atamwamini? Akiacha kumtaja kwa kuogopa maneno ya watu, basi na yeye atakuwa amesema "safi kabisa" mbele ya visigino vilivyoinuka.

Jumamosi aliagiza kikao kifanyike Balangdalalu, upande wa tambarare, kwa sababu habari ngumu haifai kuwasubiri watu nyumbani kwako, unawapelekea kwao. Walimu wote wawili waliitwa. Mama Perpetua hakuzunguka.

"Nimefundishwa na wote wawili. Namchagua Mwalimu Doris."

Mzee Gidamis alikuwa amekwisha simama. "Si nilisema? Maji na mteremko! Twendeni, jamani."

"Ngoja, Mzee," alisema Mama Perpetua. "Kwa kuwa umesimama, njoo ushike mti."

"Mimi?"

"Wewe. Mgongo wangu ni wa Nambis, huuamini. Basi uamini wako, ni wa Dirma."

Mama Paskalina, mjumbe mwenzake wa Dirma, alicheka mpaka akashika tumbo. "Nenda, Mzee! Au unaogopa ubao?"

Mtu wa Dirma haambiwi anaogopa. Mzee Gidamis alimpa Hhando fimbo yake amshikie, akavua kandambili zake za tairi, akapanga shuka lake vizuri, akashika mti. Lukasi alimwonyesha hatua, naye akakunja magoti yake marefu.

"Vizuri sana, baba!" alisema Lukasi, na wajumbe wa tambarare wakapiga makofi.

"Sasa Mwalimu Doris," alisema Mama Perpetua.

Doris aliutazama mlango, kisha miguu ya Mzee. Kumkosoa jirani ni kitu kimoja. Huyu alikuwa mzee wa watu, kwao, mbele ya watu wake, na watoto arobaini walikuwa mkononi mwake. Doris akisema "vizuri", shauri limekwisha. Mama Perpetua alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu vyake, akangoja.

Doris alisogea, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, hapana."

Wajumbe wote wakageuka kumtazama Mzee.

"Visigino vimeinuka, baba. Na umeegemea mti kama mtu anayesubiri ng'ombe wamalize kunywa maji."

"Ndivyo anavyosimama siku zote!" alipaza sauti Mama Paskalina, na kicheko kikapasuka pande zote mbili.

Mzee Gidamis hakucheka. Alikunja tena. Hapana. Akakunja tena. Hapana, baba, mgongo. Mara ya nne Doris alisema, "Ndiyo. Bakia hapo hapo. Sasa, kutoka hapo, ruka."

Katika ujana wake Mzee Gidamis alisifika kwa kuruka ngomani, lakini ujana huo ulikuwa umepita siku nyingi. Alitazama mbele, akaruka. Shuka lilitanuka kama mbawa, kisha akatua, na ubao haukulia hata kidogo. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa wote walisahau.

Mzee alipumua, akamgeukia Lukasi. "Mwanangu. Mara ile ya kwanza, visigino vyangu vilikuwa chini?"

"Hapana, baba."

"Uliviona?"

"Niliviona."

"Mbona ukanisifu?"

"Nilikuheshimu, baba."

"Uliniogopa. Fahali wangu akielekea korongoni, kijana akamwacha kwa sababu ni mkubwa, huyo nimwite mchungaji?"

Lukasi aliinamisha uso. Hapo Doris akasema, "Baba, mimi mwenyewe kuruka nimefundishwa na Lukasi. Aliniambia hapana mara mia. Watoto yeye huwakosoa vizuri kuliko mimi. Ni wazee tu wanaomshinda."

"Naam," alisema Mwalimu Natalia kutoka kwenye kiti chake. "Lakini miaka kumi na minne nimekuwa mkuu, na watoto hawakunichosha. Kazi ya mkuu wa shule ni ninyi wazazi. Aliyemtaka mwanawe abaki machungani siku ya mazoezi, nilimwambia hapana. Aliyetaka binti aondoke akaolewe, nilimwambia hapana. Asiyeweza kuwaambia ninyi hapana, shule itamfia mikononi."

Kura zikapigwa upya, kwa mikono. Mikono minane ilinyooshwa, na mmojawapo ulikuwa na fimbo. Mwalimu Doris akawa mkuu wa shule yote, milimani na tambarare, na Mwalimu Lukasi akawa makamu wake, msimamizi wa Balangdalalu. Mzee Gidamis alipendekeza jambo moja tu, nalo likaandikwa katika kumbukumbu za kikao: kwamba darasa lifunguliwe kwa ajili ya wazee, kila Jumamosi, kabla ya jua kuwa kali.

Wiki mbili baadaye Lukasi alipanda Nambis kuleta majina ya wanafunzi wapya. Alimkuta Mama Perpetua akitoka shambani na kapu la maharage.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Balangdalalu?"

"Nzuri, Mama." Alimkabidhi karatasi, lakini hakuondoka. Alitazama chini, akatazama juu. "Mama..."

"Sema."

"Mgongo, Mama. Umepinda."

Mama Perpetua aliweka kapu chini. Kwanza uso wake ulikaza kama wa mtu anayetaka kugomba, na Lukasi akarudi nyuma hatua moja. Kisha akausimamisha mgongo wake wima kama nguzo ya nyumba.

"Hivi?"

Lukasi alitazama kwa makini, kutoka visigino mpaka shingo.

"Hapana," alisema, na safari hii hakurudi nyuma. "Bado kidogo."