Siku Ziwa Lilipofunguliwa

Kila mwaka Ziwa Kivu hufungwa miezi miwili ili sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo, wazaane, na ni katika miezi hiyo tu Gratien, nahodha wa timu ya kriketi ya Gisenyi, alipokuwa na mrushaji wa kweli. Niyonzima alikuwa mvuvi. Mkono uliozoea kuvuta nyavu uliutuma mpira pale pale miguuni pa mpigaji, mara sita kwa sita. Msimu huu wa mechi za ova ishirini, kila ova mipira sita, alipewa ova ya mwisho kila mara, na mechi saba kati ya nane ziliisha watu wakimbeba begani.

Gratien alibeba mfuko wa vifaa.

Ilimuuma kuliko alivyokubali. Yeye ndiye aliyeianzisha timu, akasawazisha kiwanja cha mazoezi cha Mbugangari kwa jembe lake mwenyewe. Kisha mtangazaji mmoja wa redio akaiita "timu ya Niyonzima".

Mvua ikaahirisha mechi ya tisa, ile ya kuingia fainali, nayo mechi ikaangukia Jumamosi ya kufunguliwa ziwa. Wavuvi wangeingia majini jioni, na mechi ilikuwa Kigali. Ijumaa Niyonzima alimfuata Gratien kwenye gereji yake.

"Kapiteni, usiogope. Nimeongea na Onésphore, chef wa mutumbwi. Shemeji atashika kafi yangu siku moja. Mi nakuja Kigali."

Gratien aliendelea kukaza nati iliyokwisha kukazika.

"We enda ku ziwa, Niyo. Timu haiko ya mutu moja."

Niyonzima alicheka, akidhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, aligeukia mlango.

"Bon. Ukibadilisha mawazo, unipigie."

Simu ilikaa mfukoni mwa Gratien njia nzima ya Kigali.

Kufikia ova ya mwisho, wapinzani walihitaji mikimbio tisa kushinda. "Nani anarusha?" aliuliza Ngoga, mdakaji wa nyuma ya wiketi. Gratien aliuchukua mpira mwenyewe. Wa kwanza ukabingirika hadi mpakani: minne. Wa pili, mmoja. Wa tatu mpigaji akaukosa, wenzake wakapiga makofi, na Gratien akalisikia jina lake likiitwa. Lilikuwa tamu. Kwa mpira wa nne akajaribu ule wa Niyonzima, wa miguuni. Ukamponyoka, ukafika kiunoni mwa mpigaji, naye akaupiga juu ya uzio: sita, mechi ikaisha.

Ndani ya basi Ngoga aliuliza, "Kwani Niyo alikataa kuja?"

"Ziwa limefunguliwa," Gratien alisema, akageukia dirisha.

Jumapili, baada ya misa, alimkuta Niyonzima ufukweni akikung'uta nyavu.

"Ngoga ameniambia tumeshindwa," Niyonzima alisema. "Ova ya mwisho, alirusha nani?"

"Mimi."

Niyonzima alifuta mikono kwenye suruali, akainama mtumbwini, akatoa mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na shati jeupe la timu, limepigwa pasi, mikunjo yake bado mikali.

"Jana nililivaa mpaka saa sita ya mchana. Nilisema labda utapiga simu." Akamkabidhi. "Shika. Utapatia mwingine."

"Niyo, mwaka ujao ziwa likifungwa—"

"Onésphore ananiita, kapiteni."

Onésphore hakuwa ameita mtu. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, anakula muhogo. Gratien alisimama pale na shati mikononi, akiogopa kulishika vibaya, lisije likajikunja.