Chanjo ya Pisila

Wifi yangu Kalesita alikuja kwangu mbio, mikono ingali na tui la nazi. "Wifi, kaka yako amekataa. Eti Pisila hachanjwi kesho. Anasema hiyo ni chanjo ya malaya, na binti yake si malaya."

"Kasema hivyo kwa mdomo wake?"

"Huo huo anaosalia kanisani."

Nilicheka, lakini kwa hasira. Pisila ana miaka kumi na miwili. Muuguzi anakuja shuleni kesho, kisha anapanda boti kwenda visiwa vingine, na hatumwoni tena mwaka huu.

Hapa visiwani Tonga dada na kaka hawataji mambo ya chumbani wakiwa pamoja. Hata redio ikiyagusa, mmoja huinuka akatoka. Semisi na mimi tumelelewa hivyo na hatujawahi kukiuka. Lakini shangazi naye ni mkubwa kwa watoto wa kaka yake, na akiwa amekaa hapo hakuna wa kumpinga. Nikajifunga kiunoni mkeka wangu, vazi letu la heshima, nikaenda.

Semisi alikuwa anakula. Akanipisha mahali pa mbele, nikakaa.

"Kalesita, nisikilize," nikasema. "Mwaka jana nilipimwa mlango wa kizazi."

Semisi akainuka, macho chini, akatoka. Ndivyo nilivyotaka. Aliyetoka hana la kubisha. Nikapandisha sauti.

"Nikakutwa na kirusi cha papiloma. Mwanamume niliyemjua ni mmoja tu, marehemu mume wangu, na mazishini mlikuja wote. Kirusi hiki hakichagui malaya wala mke wa mtu. Karibu kila anayelala na mwenzake hukipata, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe, mtu asijue. Wangu ulishindwa. Hakiumi, hakiwashi, kinakaa miaka kikiharibu nyama ya humo ndani. Madaktari waliiwahi wakaichoma, na bado narudi kupimwa. Wangechelewa, ingekuwa saratani."

"Na chanjo je, wifi?" Kalesita aliuliza kwa sauti ya kusikika barabarani. Naye alijua tunamwambia nani.

"Inakizuia kirusi hicho, lakini lazima ipigwe kabla mtoto hajajua mwanamume. Ndiyo maana ni sasa, si siku ya harusi. Anayemnyima halindi heshima ya mtu. Anamwachia mtoto ugonjwa."

Kupitia dirisha niliuona mgongo wa Semisi. Kwa desturi alipaswa kwenda mbali zaidi. Nilijua nimevunja kitu ambacho mama alitulea nacho, nikaumia, lakini sikujuta. Ningesema tena, hata mimbarini.

Mara sauti yake ikaja, uso kauelekeza kwenye migomba. "Kalesita. Muulize shangazi yake Pisila, hospitali alikwenda na nani?"

"Mwambie nilikwenda peke yangu," nikajibu. "Nani wa kunisindikiza, ikiwa kaka yangu hatakiwi kusikia?"

Semisi akavuta jani kavu la mgomba, akalitupa.

"Mwambie kesho nitawapeleka mimi shuleni kwa gari, yeye na Pisila," akasema. "Na siku yake ya kurudi kupimwa, nitampeleka pia. Asiseme anakwenda kufanya nini. Aniambie siku tu."