Fundo la Mkono wa Kushoto

Haya alinieleza jirani yangu Badia, mwaka ule mfereji ulipokauka hadi vyura wakahamia jikoni. Yeye yalimpata zamani, maji yakiwa bado tele.

Alikuwa akiishi na mama mkwe wake, Wagida, muuza turmusi, aina ya maharage. Punje zile chungu huchemshwa, kisha gunia hulazwa mferejini siku saba, maji yaondoe uchungu. Kufunga gunia ilikuwa kazi ya mume wa Wagida, mzee Gadalla, mtu wa mkono wa kushoto, mpaka alipozama akafa mferejini humohumo.

Wagida aliumwa sukari. Sokoni wakamwambia maji machungu yaliyochemshiwa turmusi huishusha. Asubuhi moja akayanywa mabakuli mawili.

"Mama, si ndiyo tunaogeshea kondoo, kupe wafe?"

"Basi na sukari itakufa. Udaktari umesomea wapi, zizini?"

Adhuhuri mdomo ukamkauka, mboni zikapanuka zikameza rangi yote ya macho. Akatazama mlangoni, akatabasamu.

"Gadalla, mbona umelowa? Ingia."

Hapakuwa na mtu.

"Anasema gunia halikufungwa vizuri. Twende tukalifunge."

Mwanamke aliyezoea kutembea kwa kushika ukuta akasimama wima, akashika njia ya mfereji. Badia akamkamata kiuno.

"Niachie, we kupe!"

"Kupe haachii, mama!"

Badia akapiga kelele, majirani wakaja, wakampakia kwenye mkokoteni wa punda hadi zahanati. Tabibu alimmulika macho, akanusa bakuli.

"Uchungu huu hauchagui kupe na mtu. Angeongeza bakuli moja, mngekuwa mnachimba."

Alasiri mate yakamrudia, wakarudi nyumbani.

"Badia, nilikuwa nakwenda wapi?"

"Hukuwa unakwenda popote, mama. Lala."

Badia akaenda mferejini kulitazama gunia. Jana alilifunga mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Sasa fundo lilikuwa la kushoto, limekazwa, kamba iliyo juu ya maji bado inachuruzika. Hakuligusa.

Alirudi jua halijazama. Akayamwaga maji yaliyobaki, akatandika mkeka kizingitini, akafunga pindo la gauni la Wagida kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Bikizee alikuwa akikoroma kando yake. Usiku Badia, aliyelala kaupa mlango mgongo, akausikia unalowa, polepole, kutokea upande wa nje.

"Baba," akanong'ona, "subiri kwanza. Mimi bado namhitaji."

Unyevu ukakoma. Naye, mkono ukiwa umekaza lile pindo, akapitiwa na usingizi.