Kijiko Kwenye Chai ya Rangi

Nianze kwa kusema mimi si mchawi. Najua mwanamke anayemtilia mumewe kitu kwenye chai kwa siri anaitwaje, lakini nisikilizeni kwanza.

Mume wangu anachomelea mageti. Mtaani wanamwita Nondo, na alikuwa nondo kweli, mpaka mwaka jana alipoanza kurudi kutoka karakana yuko hoi, vidole vinamuuma, anasinzia kwenye kochi na viatu miguuni. Nikasema huyu damu imepungua. Mimi yalinikuta nilipomzaa kitinda mimba wetu, nikapewa dawa ya maji ya kuongeza damu, nikapona. Nikamwambia na yeye anywe.

"Mimi na dawa za wazazi wapi na wapi?"

Haya, kaidi kakutana na kaidi. Kila asubuhi nikawa namtilia kijiko kimoja kwenye chai ya rangi, nakoroga vizuri, nampelekea. Anakunja uso kidogo, anamaliza. Nafuu hakuna, nikaongeza cha pili. Miezi minane.

Wifi yangu alipokuja kututembelea akashtuka: "Kaka, mbona umekuwa mweusi hivi, kama umepakwa masizi?" Hakuondoka mpaka kaka yake alipokubali kwenda kupimwa.

Siku ya majibu tuliingia wawili. Daktari, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa, alisoma karatasi mara mbili.

"Baba, damu haijapungua. Madini ya chuma ndiyo yamezidi."

Nondo akacheka. "Mageti yamenihamia!"

"Hayatoki karakana, baba. Yanatoka kwenye chakula. Umezaliwa na mwili usiojua kusema basi. Kila chuma kinachoingia unakiweka akiba, kwenye ini, kwenye viungo, hata kwenye moyo. Ini bado linatibika, lakini tusichelewe. Kuna dawa yoyote unatumia? Ya kuongeza damu, labda?"

"Mimi? Hata ya kichwa sinywi."

Daktari akaandika: hakuna. Niliiona kalamu ikiandika.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kunyamaza, nikaitupe ile chupa, nani angejua? Na nikisema, mume niliyeishi naye miaka ishirini na miwili hatapokea tena kikombe mkononi mwangu. Lakini ini lilikuwa lake, na nampenda, basi.

"Anatumia," nikasema. "Namtilia mimi kwenye chai. Hajui."

Nondo akanigeukia taratibu. "Limbwata?"

"Limbwata la nini, mwanaume wewe! Dawa ya damu!" Nikaangua kilio hapohapo.

Daktari akauliza vijiko vingapi, tangu lini. Nikasema yote. Akafuta lile neno lake, akaandika upya.

"Mama, ugonjwa huu amezaliwa nao, si wewe uliyempa. Ila ulikuwa unachochea moto. Bahati yenu ni chai ya rangi, huzuia chuma kiasi kisiingie mwilini. Ungetia kwenye maji ya machungwa tungekuwa na mazungumzo mengine."

Tiba yenyewe nilidhani ananitania: atolewe damu. Karibu nusu lita kila wiki mpaka akiba ishuke, kisha mara chache kwa mwaka. Pombe marufuku, nyama nyekundu kidogo. Na wifi naye akapimwe, kwani haya mambo hutembea kwenye ukoo.

Siku hiyohiyo alilazwa kitandani, mfuko wa damu ukawa unajaa polepole. Nilikaa pembeni nimeshika kofia yake.

"Kumbe dawa," akasema, anatazama dari.

"Nisamehe, baba watoto."

"Mimi nilidhani mkono umekupotea. Miezi minane chai ina ladha ya kutu, na kutu naijua. Nikasema mke wangu ndiyo anazeeka hivyo, nikimwambia nitamvunja moyo. Nikawa naimaliza."

Huyu huyu anayenuna chumvi ikizidi chembe moja! Nililia upya, naye akaniambia ninyamaze, nesi atafikiri ni mimi ninayetobolewa.

Asubuhi yake nilimwekea chai mezani. Akainusa, akanitazama.

"Anza wewe."

Nikanywa fundo moja, nikamrudishia. Akanywa yote bila kukunja uso, akanisogezea kikombe kitupu.

"Ongeza," akasema. "Chai."