Jibu la Mmoja

"Ukipima wewe, umenipima na mimi," alisema Mkubwa, pini zikiwa bado mdomoni.

"Basi ziba masikio."

"Na macho je? Nitaisoma sura yako. Si ndiyo hii hii yangu?"

Mapacha hao walishona katika chumba kimoja, Mdogo akikata, Mkubwa akiunga. Baba yao aliuawa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ulimtikisa mikono, kisha miguu, mwisho ukamla akili. Daktari hakuwaficha: ugonjwa huo hurithiwa, wa kuuponya hayupo, na kwa kuwa wao ni mapacha wa kufanana kabisa, jibu la mmoja ni la wote wawili.

Mdogo alitaka kujua kabla hajaolewa na kuzaa. Mkubwa alitaka kuamka, kumshukuru Mungu kwa vidole vyake, na kushona.

"Mwoga wee! Unajificha nyuma ya sala kama mtoto nyuma ya gauni la mama."

Mdogo akaenda kliniki, akatolewa damu, akarudi kifua mbele na pamba mkononi. Tangu siku hiyo walisemezana habari za viuno na mabega ya wateja tu.

Asubuhi moja Mdogo alikuwa ametoka kununua nyuzi. Muuguzi wa kliniki ile akaingia kufuata sare yake aliyoleta ipunguzwe. Alipomwona Mkubwa akashika kiuno.

"Dada, wewe! Majibu yako yamekaa tu. Mara una mafua, mara una msiba. Utakuja lini?"

Mkubwa akaelewa amedhaniwa nani. Akaelewa na la pili: jasiri wao alikuwa jasiri wa mdomo. Akamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, ndipo akajibu.

"Siji. Sitaki tena kujua. Yafungieni huko huko."

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Haya. Ni haki yako."

Mdogo aliporudi, Mkubwa alimweleza yote bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

Mdogo akaubamiza mkasi mezani. "Umejifanya mimi! Nani kakupa ruhusa?"

"Yule mwenye mafua. Au yule mwenye msiba. Hivi tulifiwa na nani?"

"Nyoka wewe!"

"Wa tumbo moja na wewe."

Mdogo akanyakua simu, akaitafuta namba ya kliniki. Kidole kikasimama juu ya kitufe, kinatetemeka. Huenda ilikuwa hasira. Wote wawili walikitazama, na hakuna aliyethubutu kukisemea.

"Piga," Mkubwa alisema. "Sijakushika mkono."

Mdogo aliiweka simu kifudifudi.

"Sasa yule muuguzi ataniona mwoga."

"Kwani sura si yako?"

Mdogo aliuokota mkasi, akatandaza kitambaa, akakata kwa nguvu mpaka meza ikalia, kisha akamrushia pacha wake kipande.

"Umekata upogo," alisema Mkubwa.

"Shona."

Mkubwa akashona.